Picha 340 Zisizo na Majina: Uchambuzi wa Kisa cha Casa Susanna

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyabiashara wawili wa vitu vya kale, Robert Swope na Michel Hurst, walikuwa katika pitapita zao kwenye soko la vitu vikuukuu mjini Manhattan walipokuta rundo la picha. Nyingine zilikuwa zimepangwa kwenye albamu, nyingine zimechanganyika ovyo. Kwa mtazamo wa kwanza ni akina mama wa tabaka la kati wa Marekani ya miaka ya 1960 wakiwa mapumzikoni: gauni lililonyooshwa kwa pasi, mkufu wa lulu, mkoba mkononi, nywele zimetengenezwa barabara. Mmoja kakaa kwenye kiti cha bustanini. Mwingine kasimama kwenye ubao wa kurukia majini. Wengine wamejazana sebuleni wakipigana picha. Ukirudia kuzitazama ndipo unapoanza kuona viganja, mabega, kikoromeo cha shingoni. Hawa walikuwa watu ambao siku za kazi walijulikana kwa majina ya kiume, wengi wana wake na watoto, na waliofika Casa Susanna (yaani Nyumba ya Susanna), nyumba ya mapumziko milimani, mbali na macho ya jirani na mwajiri, ili waishi siku mbili tatu kama wanawake.

Picha hizo, 340 kwa hesabu ya jumba la sanaa lililokuja kuzinunua, leo zina umaarufu mkubwa. Zimetolewa kitabu, zimezaa tamthilia na filamu, zimetundikwa Arles nchini Ufaransa, Toronto na New York. Mimi kinachonishughulisha ni safari yake: zilitokaje kuwa bidhaa ya sokoni hadi kuwa nyaraka zenye majina, tarehe na mahali? Wengi husema picha hizi zinajieleza zenyewe. Nakataa. Zilielezwa na jarida dogo la chama, lililojazwa na maandishi ya wasomaji wake, ambalo watu wachache sana waliona haja ya kulitunza.

Rundo lisilo na mwenyewe

Mhifadhi nyaraka akiletewa kitu chochote huanza na maswali matatu: nani alikitengeneza, nani alikitunza, kimefikaje hapa. Soko la vitu vikuukuu hukata majibu yote matatu kwa mkato mmoja. Hakuna barua ya makabidhiano, hakuna mrithi wa kupigiwa simu. Kwa kawaida hata rundo lenyewe halidumu, maana muuzaji anajua picha ikiuzwa peke yake huleta faida zaidi kuliko albamu nzima, basi kundi lililokaa pamoja miaka arobaini husambaratika asubuhi moja.

Hapo ndipo ninapowapa Swope na Hurst haki yao. Walizichukua pamoja na wakaziacha pamoja. Mwaka 2005 walizitoa kwa kitabu kiitwacho Casa Susanna, chenye picha nyingi na maelezo machache mno. Mtu anaweza kuwalaumu kwa kuanika sura za watu bila kuwauliza, na lawama hiyo nitairudia. Lakini kitabu kile ndicho kilichowafikia watu waliokuwa wamewahi kulala kwenye nyumba zile, ambao wakati huo walikuwa wazee. Baadhi yao wakajitokeza, wakasema: pale napajua, na yule ni fulani.

Walipopajua palikuwa kwenye milima ya Catskill, kaskazini ya jiji la New York, karibu na mji mdogo wa Hunter. Wenyeji walikuwa Susanna Valenti na mkewe Marie. Susanna alikuwa mkalimani mahakamani kwa jina lake jingine, jina ambalo limo kwenye vitabu na ambalo silihitaji hapa. Marie aliuza mawigi kwenye Fifth Avenue. Wateja wake wa siri walikuwa haohao waliokuja kuwa wageni wake. Mahali pao pa kwanza waliita Chevalier d'Eon, kwa heshima ya mwanadiplomasia na jasusi wa Kifaransa wa karne ya 18 aliyeishi sehemu ya maisha yake kama mwanamume na miongo mingine kama mwanamke. Baadaye, katikati ya miaka ya 1960, walihamia nyumba nyingine milimani humo, na hiyo ndiyo Casa Susanna.

Marie ni mtu ambaye ningependa apewe nafasi kubwa zaidi kuliko anayopewa. Kila simulizi humtaja kwa sentensi moja kisha humpita. Yeye ndiye aliyefahamu nywele, na bila shaka alifahamu pia ni mteja gani anatetemeka mlangoni na yupi amezoea. Mwanamke aliyeoa kisiri cha mumewe, kama watani wangesema, na akakifanyia nyumba.

Sheria iliyozaliwa milimani

Ili uelewe kwa nini watu wazima wenye kazi zao walisafiri mbali hivyo kwa ajili ya kuvaa gauni, lazima uijue sheria. Mwaka 1845 jimbo la New York lilipiga marufuku kujificha sura na kutembea hadharani kwa mavazi ya kujigeuza. Sheria hiyo haikuwalenga wavaaji wa magauni hata kidogo. Ililetwa na mgogoro wa kodi ya ardhi: wakulima waliowaasi mabwanashamba walikuwa wakijipaka rangi usoni, wakivaa magauni ya kaliko, na kuwafukuza maofisa waliokuja kukamata mali zao. Vurumai hilo lilitokea kwenye bonde la mto Hudson na kwenye milima hiyohiyo ya Catskill. Zaidi ya karne moja baadaye polisi wa jijini waliitumia sheria ile dhidi ya watu waliovaa mavazi ya jinsia nyingine, na watu hao wakakimbilia kujificha katika milima ambamo wakulima waliovaa magauni ndio walioifanya sheria itungwe. Historia nayo ina utani wake.

Hofu hii imeacha alama kwenye picha zenyewe. Katika miaka ile filamu ya kamera ilipelekwa kusafishwa dukani au ilitumwa kwa posta, na aliyeisafisha aliona kila kitu. Picha ya mwanamume aliyevaa kike iliweza kunyimwa mwenyewe, au kupelekwa polisi. Njia za kukwepa zilikuwa mbili: kamera ya Polaroid, ambayo hutoa picha papo hapo pasipo mtu wa tatu, au rafiki mwaminifu anayejua kazi. Rafiki huyo kwa Casa Susanna alikuwapo. Jumba la sanaa linazihusisha picha nyingi za mkusanyo huu na mpiga picha anayejulikana kwa jina la Andrea Susan.

Tazama kamera zilivyo nyingi ndani ya picha zenyewe: mtu anapiga picha, pembeni yake mwingine ameinua kamera, na mbele yao yupo aliyejipanga kama mlimbwende wa jarida. Waliokaa miaka yote bila ushahidi kwamba nafsi yao ya pili ipo walipata hapo cheti. Nakala zilibadilishwa na kutumwa kwa marafiki. Ndiyo sababu mkusanyo wa sokoni una picha za watu walewale zilizopigwa mahali tofauti na kwa mikono tofauti. Kwa mchambuzi, hilo lilikuwa dokezo la kwanza kwamba hii haikuwa albamu ya familia moja. Ilikuwa mali ya mtandao.

Jarida

Mtandao huo ulikuwa na uti wa mgongo, na uti huo uliitwa Transvestia. Mwasisi wake, Virginia Prince, alizaliwa mwaka 1912 na alisomea dawa hadi shahada ya uzamivu. Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1952, matoleo mawili tu ya saiklostaili, yaliyotumwa kwa watu waliokuwa kwenye orodha ya anwani za Louise Lawrence wa San Francisco. Lawrence alikuwa ameanza kuwaunganisha watu wa aina yake kwa barua tangu miaka ya 1940, na alikuwa akimpelekea Alfred Kinsey, mtafiti wa tabia za kingono, habari na nyaraka. Mwaka 1960 Prince alilianzisha jarida upya mjini Los Angeles, safari hii likadumu. Yeye mwenyewe alilihariri hadi toleo la 100, mwaka 1979, kisha akamwachia Carol Beecroft.

Ukilifungua leo utashangaa jinsi lilivyo la kawaida. Kuna visa vya kubuni ambavyo mhusika analazimika kuvaa gauni kwa ajali fulani isiyoaminika, kuna wasifu wa msomaji na picha yake, kuna barua, kuna ushauri wa vipodozi, na kuna mahubiri marefu ya Prince. Katikati ya hayo kuna safu ya Susanna Valenti, "Susanna Says", ambayo kwangu ndiyo hazina. Susanna aliandika kama mtu anayesogoa mlangoni. Alisimulia nani amekuja wikiendi hii, nani amejifunza kutembea bila kuyumba, nani ameleta mkewe kwa mara ya kwanza. Umbea, kama mtu atapenda kuuita hivyo. Ila umbea uliochapishwa na kuwekewa namba ya toleo ni ushahidi wenye tarehe.

Usalama wa wasomaji ulitengenezwa kwa ustadi. Aliyetaka marafiki wa kuandikiana hakuweka jina wala anwani. Alipewa alama ya tarakimu na herufi, na barua yake ilipitia kwa Prince, aliyeipeleka kwa mhusika. Prince alijua hatari ya posta kwa kuionja mwenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1960 alishtakiwa kwa barua za faragha zilizohesabiwa kuwa chafu, akakubali kosa dogo zaidi, akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama.

Kundi lake la kwanza la Los Angeles lilijenga uaminifu kwa njia nyingine. Walioalikwa waliambiwa kila mmoja aje na soksi ndefu za kike na viatu vya visigino ndani ya mfuko. Wakishakaa, wote walivaa kwa wakati mmoja. Hakuna tena mpelelezi miongoni mwao, wala hakuna anayeweza kumcheka mwenzake, kwa kuwa wote wamo. Kundi lile likazaa chama cha kitaifa mwaka 1962, chenye matawi, kadi za uanachama na taarifa zake za ndani, na katika miaka ya 1970 chama hicho kikaja kuwa Tri-Ess.

Kwa hiyo mfumo wote ulijengwa ili asiyehusika asiweze kuunganisha uso, jina na anwani. Uso ulikaa kwenye picha. Jina la kike lilikaa kwenye jarida. Anwani ilikaa kwenye droo ya Prince. Mhifadhi wa miaka 40 baadaye anayejaribu kuvikutanisha anafanya kazi ambayo wenyewe waliizuia kwa makusudi.

Jinsi vilivyokutanishwa

Mwaka 2015 Jumba la Sanaa la Ontario, mjini Toronto, lilinunua mkusanyo. Msimamizi wake wa picha, Sophie Hackett, na mwanahistoria wa sanaa wa Ufaransa Isabelle Bonnet, ambaye alikuwa amekwisha kukifanyia kisa hiki utafiti wa kitaaluma, ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya utambuzi.

Kazi yenyewe haina miujiza. Picha nyingi za Marekani za enzi ile zilichapwa mwezi na mwaka pembezoni mwa karatasi, hivyo tarehe ya kusafishwa inapatikana bure. Pazia, kiti, ukuta wa mbao na ngazi za nyumba huonyesha ni jengo lipi. Kisha unachukua matoleo ya Transvestia ya miezi ileile na kuyaweka kando. Baadhi ya picha za wasomaji zilizochapishwa mle zinafanana na za mkusanyo, na chini yake kuna jina la kike alilojichagulia mwenyewe. Ukishampata mmoja, unamtafuta kwenye picha nyingine kwa gauni, kwa wigi, kwa namna anavyoshika mkoba. Safu ya Susanna inakupa nani alikuwapo wikiendi ipi. Polepole rundo linaanza kuongea. Leo jumba linaitaja picha moja kama Lili kwenye ubao wa kurukia majini, Casa Susanna, Septemba 1966. Hebu pima umbali uliopo kati ya maelezo hayo na "mwanamume asiyejulikana aliyevaa mavazi ya kike, takriban 1965", ambayo ndiyo mhifadhi makini angeandika kama angekuwa na picha peke yake.

Lakini mbinu hii inadai kitu kimoja: jarida liwepo mahali panapofikika, toleo kwa toleo. Na hapa ndipo bahati ilipoingia. Majarida ya vyama vya namna hii hupotea kuliko mengine. Miongoni mwa wavaaji kuna desturi inayofahamika sana kwao: mtu huzidiwa na aibu au hofu, akakusanya kila kitu, gauni, wigi, picha, majarida, akatupa vyote na kuapa kutorudia. Baada ya miezi huanza tena kununua nguo, ila matoleo ya zamani hayarudi. Na mwenyewe akifa, wanaofungua kabati lake hawataki mtu aone. Tumezoea kukumbuka moto wa Berlin wa Mei 1933, pale vitabu na nyaraka za taasisi ya utafiti wa jinsia ya daktari Magnus Hirschfeld vilipochomwa hadharani, na ni haki tuukumbuke. Hata hivyo nadhani mifuko ya taka ya familia zenye aibu imemeza mengi kuliko moto ule.

Transvestia imesalia kwa sababu wapo walioweka. Chicago palikuwa na taasisi iliyofunguliwa mwaka 2001 na mfadhili Rikki Swin, ikakusanya, pamoja na mengine, nyaraka za Virginia Prince. Ilifungwa mwaka 2004. Taasisi ya mtu mmoja ikifungwa, mali yake kwa kawaida huishia pale tulipoanzia, sokoni. Hii haikuishia huko: mwaka 2007 mkusanyo ulitolewa kwa Chuo Kikuu cha Victoria, pwani ya magharibi ya Kanada. Mwanasosholojia Aaron Devor alikuwa hapo kuupokea, na juu yake akajenga hifadhi kamili ya nyaraka za transjenda, yaani watu ambao jinsia yao si ile waliyopewa walipozaliwa. Mwaka 2013 iliongezewa mkusanyo wa Ulster, Ireland ya Kaskazini, ambao Richard Ekins aliuanzisha mwaka 1986. Rafu za Victoria zikinyooshwa sasa zinapita mita 150. Chuo kiliigeuza Transvestia kuwa ya kidijitali, mtu yeyote anaweza kuisoma akiwa nyumbani. Kwa upande wa Marekani, hifadhi ya kidijitali iliyoasisiwa na K.J. Rawson na kufunguliwa mwaka 2016 inaunganisha katika utafutaji mmoja nyaraka zilizotawanyika kwenye taasisi nyingi, ili msomaji asilazimike kujua mapema kwamba toleo fulani la taarifa ya tawi limekaa kwenye boksi la chuo fulani.

Jina gani liandikwe

Sasa narudi kwenye lawama. Watu hawa walijificha. Je, nani ametupa ruhusa?

Kwa waliokufa bila kusema neno, hakuna jibu safi. Msimamo wangu ni kwamba jina la kike, lile mtu alilolichagua na kulichapisha mwenyewe, ndilo liwe jina la kumbukumbu, na jina la kazini liachwe nje ya maelezo ya picha isipokuwa mwenyewe alilitoa hadharani. Wapo watafiti wanaoona hilo ni kuficha historia. Wanasema bila jina la kisheria huwezi kuifuatilia sensa, hati ya ndoa, kaburi. Ni kweli. Lakini jina la Lili si pengo linalosubiri kujazwa. Ndilo alilolitumia mahali pale, kwa watu wale, na jarida linathibitisha. Aliyepigwa picha kwenye ubao wa maji ni Lili.

Familia nazo zina haki, japo zimechelewa kuulizwa. Katika filamu ya mwaka 2022 iliyotengenezwa na Sébastien Lifshitz yumo binti wa mhariri mmoja wa hadithi za kisayansi, ambaye baba yake alikuwa mgeni wa milima ile. Yeye amechagua kusema, kwa jina lake, na anazungumza kwa upendo na kwa kidonda pia. Wengine hawatachagua hivyo, na mfumo wa hifadhi unaofaa ni ule unaompa mjukuu mlango wa kubisha: anwani ya kuandikia, na utaratibu wa kuondoa picha kwenye mtandao huku ya asili ikibaki kwenye boksi.

Kuna pia tatizo la msamiati. Wenyewe walijiita transvestaiti, yaani wavaaji wa mavazi ya jinsia nyingine, neno ambalo leo wengi hulisikia kama tusi. Wengine kati yao baadaye waliishi kama wanawake moja kwa moja. Wengine walikaa na maisha yao mawili hadi mwisho na wangekataa katakata kuitwa transjenda. Ukiweka neno moja juu ya boksi zima unawasemea wote. Hifadhi ya Rawson ilijaribu kulikwepa hili kwa kuangalia vitendo vya kuvuka mipaka ya jinsia badala ya kuamua kila mtu alikuwa nani, na kwa kutumia orodha ya istilahi iitwayo Homosaurus, ambayo mizizi yake iko Amsterdam miaka ya 1990. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tumepunguziwa mzigo mmoja. "Alicheka", "alivua viatu", "aliandika safu yake" hazimdai mwandishi aseme ni wa kike au wa kiume. Mwandishi wa Kiingereza au Kifaransa huulizwa swali hilo karibu kila sentensi, na ndiyo maana maelezo ya zamani ya picha hizi yanayumbayumba, huyuhuyu ni mwanamume mwanzoni mwa aya na ni mwanamke mwishoni.

Wasiomo kwenye boksi pia ni sehemu ya kisa. Prince aliweka masharti: chama chake kilikuwa cha wanaume wanaopenda wanawake; mashoga na waliotaka kubadili mwili walikatazwa. Utafiti wa wasomaji 504 wa jarida, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha kwamba wengi walikuwa wameoa au waliwahi kuoa. Jarida lilihitaji ada, anwani ya posta na kabati lenye kufuli. Safari ya milimani ilihitaji gari na wikiendi yenye malipo. Miaka michache baadaye, jijini New York kwenyewe, Sylvia Rivera na Marsha P. Johnson walianzisha kundi la STAR kwa ajili ya vijana waliolala barabarani, watu ambao walivaa kike mchana kweupe na kulala rumande kwa ajili hiyo. Kundi hilo halikuacha matoleo 100 yaliyopangwa kwenye rafu. Anayejifunza historia hii kwa kuhesabu mita za karatasi atadhani ilikuwa ya watu wenye lulu.

Waliorudi

Kuhusu Susanna mwenyewe, jarida linatupeleka hadi mwisho wa miaka ya 1960. Anaaga safu yake na kuwaambia wasomaji kwamba sasa ataishi kama Susanna siku zote. Baada ya hapo sauti yake haimo tena kwenye kurasa zile.

Wageni wa zamani waliosimama mbele ya kamera ya Lifshitz walikuwa wawili. Mmoja ni Diana Merry-Shapiro, aliyekuja kuwa mtaalamu wa programu za kompyuta katika maabara ya Xerox huko California, kwenye kundi lililounda lugha ya Smalltalk. Mwingine ni Katherine Cummings wa Australia, ambaye aliifikia milima ile mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipokuwa Kanada akisomea ukutubi. Cummings alifanya kazi za maktaba, akaandika kumbukumbu za maisha yake zilizopata tuzo ya haki za binadamu mwaka 1992, na kwa miaka alihariri Polare, jarida la kituo cha jinsia cha Sydney, la aina ileile ambalo hutupwa kabati likifunguliwa. Katika filamu wanarudi wote wawili kwenye nyumba zile, sasa ni vikongwe, wanatembea taratibu kwenye nyasi na kuonyeshana kwa kidole nini kilikuwa wapi.

Filamu ilionyeshwa Venice mwezi Septemba 2022. Cummings alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka huohuo, na majina aliyoyataja mbele ya kamera yamekwisha kurekodiwa.